Hotelini Mjini Kwao

SEHEMU YA SABA

Tulimwacha Onofrio Lasorsa kwenye meza ya kifungua kinywa hotelini, andazi la krimu limejaa mdomoni, macho yamemtoka pima. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Mkubwa Serafina, yule aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Mikononi ana sinia la tambi mbichi.

Tuendelee basi, maana andazi lenyewe bado hajalimeza.

"Onofrio," alisema Mama Mkubwa.

"Mama Mkubwa," alisema Onofrio, na sukari ya unga ikamwagika kwenye shati.

"Si uko Lecce wewe?"

Mkewe Ludovica aliweka kikombe chini. "Lecce?" aliuliza. "Lecce ya nini?"

Kwa msomaji aliyeingia leo, nitakuambia kwa kifupi. Onofrio ni mtoto wa Bari, mji mkongwe, kichochoro cha San Rocco. Alikwenda Torino, kaskazini ya mbali, kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke. Mke akasema mwaka huu likizo twende mji uliokuzaa, siku chache tu, tule, tutembee. Bwana akakubali. Kisha, kwa siri, akachagua hoteli ng'ambo ya Corso, ile barabara kuu, katika mji mpya, na siku mbili kabla ya safari akampigia simu Mama Mkubwa kwamba mwaka huu hawatafika Bari, wanapitiliza Lecce.

Alijiona mjanja. Kina mama wa kichochoroni kwao hawavuki Corso ila kwa daktari au kwa mazishi. Asichojua bwana huyu ni kwamba tangu baridi iliyopita hoteli yake nzuri ilikuwa ikipika tambi za Serafina, zile ndogo zenye umbo la sikio, na kwamba Serafina huzileta mwenyewe.

Na haji peke yake.

"Ehee!" ilisikika sauti nyuma ya sinia. "Huyu si Onofrio wako, Serafina?"

Alikuwa Bi Lucrezia, jirani wa mlango wa tatu, na sinia la pili. Nywele zimepakwa rangi ya zabibu, macho hayaachi kitu. "Mbona yupo hapa na ndara za hoteli? Analala hapa?"

Wasomaji, mtu wa kwingine anaweza kuuliza kosa liko wapi. Kwetu halihitaji kuulizwa. Damu yako haikodi kitanda katika mji ambao una nyumba. Ikikodi, kichochoro kina maelezo mawili tu: ama nyumba yako ni chafu, ama umemfukuza mtoto. Hakuna atakayekutukana. Watageuza tu viti vyao. Mtoto wa Bi Teodora alilala hotelini usiku mmoja tu, tena kwa sababu ya ndege ya alfajiri. Tangu siku hiyo Bi Teodora alikanda unga wake peke yake mlangoni, hakuna wa kumwambia habari ya asubuhi, hadi akauza nyumba akahamia kwa binti yake.

Serafina alikuwa na nini kingine? Mume amezikwa. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa na kiti chake mlangoni, na wenzake wa kukaa nao. Basi.

Ndiyo maana alichofanya kilikuwa cha haraka.

"Analala hapa kwa sababu mimi ndiye niliyemleta," alisema, bila hata kupepesa macho.

"Wewe?"

"Nyumba yangu inapakwa rangi. Nitawalaza wapi, juu ya ndoo? Nikawaambia waende hotelini. Si nilikueleza?"

"Hukunieleza."

"Nilikueleza, Lucrezia. Masikio yako siku hizi yanachagua."

"Inapakwa rangi lini? Nimetoka mlangoni kwako sasa hivi, sijaona hata brashi."

"Tunaanza leo."

Bi Lucrezia alitabasamu, na mimi ningekuwa Serafina tabasamu lile lingenikosesha usingizi. "Basi nitaleta kiti changu nikae mbele," alisema. "Mimi napenda sana kumtazama mtu akipaka rangi."

Wakaacha masinia, wakaondoka. Serafina hakumtazama Onofrio tena. Alipita karibu na meza yake kama anayepita karibu na mtu asiyemjua.

Onofrio alitamani ardhi ipasuke. Akalimeza lile andazi kwa mkupuo mmoja.

"Ulimwambia tupo Lecce?" aliuliza Ludovica.

"Nitakueleza."

"Utanieleza njiani. Vaa viatu vya kubebea mizigo."

*

Walipofika kichochoroni, vita vilikuwa vimeshapangwa. Upande mmoja, mlango wa Serafina uko wazi. Upande wa pili, kina mama watano na vibao vyao vya tambi magotini, visu vinakwenda tak tak tak, na katikati yao Bi Lucrezia.

Fundi Sabino alikuwa ameshaletwa. Ni mpaka rangi mstaafu, mjane, anakaa nyumba ya mkabala. Alikuwa ameondolewa kwenye kahawa yake na kupewa ngazi. Kichwani amevaa kofia ya gazeti lililokunjwa, kama wapaka rangi wote wa zamani.

"Rangi gani, Serafina?" aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Nyeupe."

"Ukuta ni mweupe."

"Nyeupe zaidi!"

Fundi Sabino alimtazama, akawatazama kina mama, akamtazama Onofrio. Kisha akachovya brashi bila neno. Mwanaume mwenye akili huyo, mkumbukeni.

Onofrio akaanza kubeba. Meza ikatoka. Viti vikatoka. Sanamu ya Mtakatifu Nikola ikatoka na kioo chake, ikawekwa kwenye kivuli. Kila kilichotoka kina mama walikikagua kwa macho, na kila kilichotoka kilikuwa kisafi kuliko kitambaa cha altare.

"Loo, Onofrio!" aliita Bi Lucrezia. "Umenenepa! Hoteli inawalisha vizuri, eti?"

"Si mbaya, Bi Lucrezia."

"Na kitanda? Laini?"

"Cha kawaida."

"Masikini. Kulala kwenye cha kawaida, na Mama Mkubwa yuko hai."

Kisu chake kikakata unga, tak.

Jikoni, mahali ambapo nje hawaoni, Serafina alimkamata Onofrio mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na unga.

"Sasa niambie," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini?"

Hapa, wasomaji, bwana wetu alikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Angesema: Mama Mkubwa, niliona aibu. Niliona aibu ya choo nyuma ya pazia, ya mlango unaofunguka moja kwa moja barabarani, ya wewe kukoroma nyuma ya ukuta. Nilitaka mke wangu adhani nimetoka mahali pengine. Ukweli mtupu ulikuwa huo.

Alisema nini?

"Ni Ludovica," alinong'ona. "Unajua watu wa kule, Mama Mkubwa. Hajazoea. Choo nyuma ya pazia, hawezi."

Pazia likafunguka. Ludovica akatoka chooni, anapangusa mikono.

"Pazia zuri," alisema. "Nimelipenda lile la maua."

"Mama Mkubwa," alisema Ludovica, "mimi ndiye niliyesema tulale kwako. Nilimwambia mara ngapi sijui. Akaniambia hakuna nafasi. Akaniambia wewe mwenyewe ndiye uliyesema hakuna nafasi."

Serafina hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliuachia tu ule mkono.

"Nilisema hakuna nafasi," alirudia polepole, kama anayejaribu kukumbuka. Kisha akamwambia mpwa wake: "Beba kabati."

Akabeba kabati. Lilikuwa zito na aliona ni haki yake. Kila hatua alijisemea, wewe ni mtu wa ovyo, Onofrio. Lakini kujisemea moyoni hakumgharimu mtu chochote, na nje pale kina mama bado walikuwa wanahesabu makosa ya Serafina badala ya yake.

*

Chumba cha mbele kikabaki kitupu. Serafina akajifuta jasho. "Imetosha. Fundi, paka hapa tu."

"Hapa tu?" Bi Lucrezia alinyoosha shingo. "Na chumba cha nyuma?"

"Cha nyuma hakihitaji."

"Serafina! Nyumba inapakwa rangi nusu? Kama mtu aliyenyoa upande mmoja?" Kina mama wakacheka. "Au cha nyuma hakikuwa kinapakwa tangu mwanzo? Maana kama hakipakwi, hawa watoto si wangelala humo?"

Visu vikasimama. Wote watano wakanyanyua macho.

Serafina aliutazama mlango wa nyuma. "Kinapakwa," alisema. "Kinapakwa pia. Onofrio... hapana. Wewe acha. Nitatoa mwenyewe."

"Mama Mkubwa, vitu vizito."

"Nimesema acha!"

Lakini Onofrio, ambaye siku nzima hakufanya jambo moja la maana, akachagua saa hiyo kuwa mtoto mwema. Alipita, akasukuma mlango wa chumba alichokulia.

Kitanda chake cha chuma hakikuwepo.

Mahali pake kilikuwepo kitanda kikubwa cha mke na mume, kipya, cha mti wa mkangazi, godoro bado limo ndani ya nailoni na utepe wa dukani. Mito miwili. Taulo mbili zimekunjwa miguuni. Na ukutani, upande wa dirisha, taa ndogo ya kusomea, imepigiliwa pale juzijuzi, plasta yake haijakauka vizuri.

Ludovica alisimama nyuma yake. "Taa," alisema.

Ni mara moja tu, kwenye simu, alimwambia Mama Mkubwa kwamba yeye hapati usingizi bila kusoma kidogo.

"Uliposema mwezi wa tatu kwamba mtakuja," alisema Serafina kutoka mlangoni, bila kuwatazama, "nikaona siwezi kumlaza mtoto wa watu kwenye chuma. Nilitaka mkifungua mlango mshangae. Fundi Sabino alikiingiza saa ya usingizi wa mchana, kichochoro kimefunga madirisha. Hata Lucrezia hajui."

"Na nilipokupigia simu ya Lecce..."

"Nilikwambia nini?"

Onofrio alikumbuka vizuri sana. Alikuwa amesema: haya mwanangu, siku nyingine, mle vizuri. Na kichwani mwake, wakati ule, yeye alishukuru kwamba mazungumzo yamekuwa mafupi.

Alitaka kupiga magoti. Nasema alitaka. Hapo hapo sauti ya Bi Lucrezia ikaingia kutoka nje: "Vipi huko? Kuna maiti?"

*

Kitanda kikatoka kichochoroni, wasomaji. Hakikuwa na jinsi ya kutotoka.

Kwanza ubao wa kichwani, unang'aa kama gari jipya. Kisha miguu. Kisha godoro na utepe wake. Fundi Sabino alishuka kuwasaidia, wakakipanga katikati ya njia, juani, kila mtu akione.

Hakuna aliyecheka.

Bi Lucrezia alikiweka kibao chake chini. Alisimama, akakizunguka kitanda kile mara moja, akagusa nailoni kwa kidole kimoja.

"Kipya," alisema.

"Kipya," alisema Serafina.

"Cha watu wawili."

"Una macho."

"Serafina, mimi ni mwenzio, nieleweshe. Una kitanda kipya cha watu wawili ndani, kwenye chumba ambacho fundi hajakigusa. Halafu watoto wawili umewapeleka hotelini. Kitanda ni cha nani?"

Jibu lilikuwa rahisi kuliko kumenya yai. Kitanda ni chetu, alitununulia sisi, mimi ndiye niliyemdanganya, mimi ndiye niliyemwonea aibu. Maneno hayo yangempa Serafina kiti chake palepale, tena kina mama wangemletea na kahawa. Yangemgharimu mtu mmoja tu.

Ludovica alimfinya ubavuni. "Sema."

Onofrio alifungua mdomo.

"Ni changu," alisema Serafina.

Alikuwa amewahi. Alikuwa amemwona mtoto wake akifungua mdomo, na kwa miaka yote aliyomlea, alipomwona ameshikwa alimtangulia mbele. Mazoea hayo hayamtoki mtu kwa siku moja.

"Chako?" Bi Lucrezia alishika kiuno. "Wewe unalala kwa zamu, upande huu na upande ule?"

"Naolewa."

Kisu cha mtu kilianguka kwenye mawe.

"Unaolewa! Na nani?"

Hapo Serafina alikwama. Uso ulimwiva. Macho yake yaliruka mlangoni, yakaruka kwa Mtakatifu Nikola, yakaruka kwenye ngazi, na yakanasa pale. Alikuwepo Fundi Sabino, brashi mkononi, rangi inamtiririkia kwenye kiwiko.

Ilikuwa sekunde tu. Bi Lucrezia aliifuata njia ya macho yale, na wenzake wote wakaifuata yake.

"Sabino?" aliuliza, sauti imemkauka.

Serafina alifumba macho. Nadhani alikuwa anasubiri kicheko.

Fundi Sabino aliweka brashi juu ya ndoo, kwa utaratibu, isichafue. Akaivua kofia ya gazeti.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Serafina akafumbua macho. Na katika kichochoro kizima hakuna aliyeshangaa kuliko yeye.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi Corso! Makofi, vicheko, "mjanja wewe!", "na sisi tunamwona kila siku na kahawa yake!" Mtu akaleta kiti, Serafina akakalishwa. Mtu akaleta chupa. Hata Bi Lucrezia alipiga makofi, ingawa macho yake yalikuwa bado yanafanya kazi.

Katikati ya vurugu hiyo Fundi Sabino alimpitia Onofrio bega kwa bega.

"Nilikiingiza mimi kitanda hiki," alisema bila kugeuza uso. "Kwa mgongo huu. Alikuwa ananiambia njia nzima, polepole, Sabino, usikikwaruze, ni cha mwanangu. Mimi nimemfunika kwa muda, kijana, asianguke mbele ya watu. Kumwinua ni kazi yako. Sema sasa."

"Lakini watasema..."

"Watasema juu yako. Ndiyo."

Na kana kwamba amealikwa, Bi Lucrezia akanyanyua mkono. Watu wakanyamaza.

"Ngoja kwanza. Wewe, Onofrio. Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii. Ulijua habari hizi?"

Kichochoro kizima kilimgeukia. Wale walikuwa watu waliomwogesha, waliompiga makofi kwa kuvunja vioo vyao, waliomfungia mkate wa nyanya siku alipopanda treni ya Torino. Aliwaona wakimtazama kwa mapenzi. Na aliona jinsi ambavyo wangemtazama baada ya sentensi moja.

Serafina pale kitini alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama tu. Hakuwa anamwomba anyamaze, wala hakuwa anamtangulia tena. Alikuwa anangoja.

"Nilijua," alisema Onofrio. "Hongera, Mama Mkubwa."

Makofi yakarudi, makubwa zaidi. Ludovica aligeuka akatazama ukuta.

Onofrio aliinama ambusu Mama Mkubwa mashavu yote mawili, kama inavyopasa. Shavu la kwanza lilikuwa baridi. Alipofika la pili, akasikia sauti sikioni mwake, ndogo, bila hasira yoyote.

"Jikoni, na sasa hapa. Mara ya pili leo unanikana, mwanangu."

Alibaki ameinama. Hakujua ainuke vipi.

"Basi!" Fundi Sabino alisema kwa nguvu, na macho yake yalikuwa kwa Onofrio, bado yanampa nafasi. "Maadamu mtoto wa nyumbani ameridhia, tusikae hapa kukausha rangi. Padri yuko kanisani sasa hivi. Serafina, twende tukaandikishe majina."

Akamnyooshea mkono. Ulikuwa na rangi nyeupe hadi kwenye kucha.

Serafina aliutazama ule mkono. Alikitazama kitanda, nailoni yake imeanza kupata moto juani. Kisha akavua aproni, akaikunja mara mbili, na kumwekea Onofrio mikononi.

Akainuka.

Wakaondoka, yeye na Sabino mbele, kina mama nyuma, Bi Lucrezia akiwaambia watu wa madirishani. Kichochoro kilibaki na meza, viti, mtakatifu mmoja, na mume na mke wa Torino.

"Alikuwa anadanganya kwa ajili yako," alisema Ludovica. "Akifika mbele ya padri hataweza kurudi nyuma. Sasa hivi anaweza kwenda kuolewa, akiwa na miaka yote ile, ili wewe usionekane mbaya mbele ya wauza tambi."

"Najua."

"Hawajafika kanisani. Kimbia."

Onofrio aliikumbatia ile aproni, na unga wake ukamshika kifuani. Kule mbele kina mama, sasa wakiimba, walikuwa wamefika kona. Aliitazama miguu yake, na miguu ilikuwa palepale.